Miaka Miwili Niliyompunguzia Mpwa Wangu

Niliapa uongo. Nilisimama mbele ya mtu mwenye mamlaka ya kuapisha, nikatamka kwamba mpwa wangu alizaliwa mwaka 2010 ilhali najua alizaliwa 2008, nikatia saini, nikagongewa muhuri, nikalipa na kuikunja karatasi ndani ya bahasha ya kaki. Mimi ni katibu wa chama cha msingi cha korosho wilayani Nachingwea. Wakulima wananiamini kwa mizani na kwa vitabu, na maneno kama haya hayamjengi mtu wa kazi yangu. Lakini kila msimu wazazi huja ghalani, na tukishamaliza habari za malipo yaliyochelewa hunivuta pembeni: Katibu, wewe ulishapeleka mtoto kwenye mpira, na mimi wangu nimpeleke wapi? Nimekuwa nikiwajibu kwa kuzungukazunguka. Nimechoka kuzunguka.

Kwanza mnielewe mwaka wenyewe ulivyokuwa. Januari 2020 Mbwana Samatta alitoka Genk akaenda Aston Villa, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England, na Machi mosi akafunga bao Wembley kwenye fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Hilo lilikuwa la nchi nzima. La kwetu lilikuja baadaye kidogo. Namungo, timu yenye jina la kijiji cha Ruangwa ambacho watu wengi walikijua kwa machimbo tu, ilimaliza msimu wake wa kwanza Ligi Kuu ikiwa nafasi ya nne, kisha tarehe 2 Agosti ikacheza na Simba fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam kule Sumbawanga. Tulifungwa 2-1. Nasema tulifungwa, maana siku ile hapakuwa na mtu wa Nachingwea aliyekumbuka kwamba Ruangwa ni wilaya nyingine. Kwa kuwa Simba walishabeba ubingwa wa ligi, Namungo ndiyo ikaenda Kombe la Shirikisho Afrika, na mapema 2021 ikafika hatua ya makundi.

Kabla ya hapo, mtoto wa Kusini mwenye mguu mzuri aliambiwa avumilie mpaka apate ndugu wa kumpokea Dar es Salaam. Ndanda ya Mtwara ilikuwa imetufungulia macho tangu 2014, lakini ndiyo kwanza ilishuka daraja mwaka huohuo wa 2020. Sasa ghafla Simba na Yanga wanakuja Ruangwa, mtu anapanda gari asubuhi, anawaona kwa macho yake, jioni yuko nyumbani. Kila nyumba ikagundua ina mchezaji. Nyumba yetu pia.

Na kwa kweli alikuwapo. Mpwa wangu alikuwa na miaka kumi na miwili, mwembamba, mwepesi, mpira ukimfikia mguu wa kulia umekwisha. Kwetu Wamwera mtoto ni wa upande wa mama, na mwenye sauti juu yake ni mjomba. Baba yake yupo Liwale, ana mji mwingine, hatuna ugomvi naye. Suala la mpira liliponifikia halikuhitaji kikao. Lilikuwa langu.

Hapa mjini kulikuwa na mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa akifundisha watoto mpira kila jioni baada ya vipindi. Nilikwenda kumtazama. Mipira yake ilihesabika, mingine imeshonwa. Koni zake zilikuwa chupa za maji zilizojazwa mchanga. Kama mtoto mmoja hana viatu, mwenye njumu alizivua, wote wakacheza peku. Nilisimama pale kwenye kivuli cha mwembe nikaona umaskini tu, wala sikujua kwamba hayo niliyokuwa nikiyatazama ndiyo niliyopaswa kuyahesabu kama mali: kila mtoto aligusa mpira mara nyingi, hakuna aliyekaa pembeni kungoja zamu, na mwalimu alimjua kila mmoja kwa jina na kwa darasa.

Nilipomfuata, aliniomba kadi ya kliniki ya mtoto na ripoti yake ya shule. Akaniuliza mtoto anakula nini asubuhi kabla ya kwenda shule. Nikamjibu, Mwalimu, nimeleta winga, sikuleta mgonjwa. Akacheka. Akamchezesha jioni ile, kisha akasema ana kipaji lakini mguu wa kushoto anautumia kusimamia tu, kwa hiyo msimu mzima atamweka upande wa kushoto ili alazimike. Hilo liliniudhi. Mtoto anafunga kwa kulia, wewe unampeleka kushoto?

Lililonifukuza kabisa lilikuwa mashindano ya Desemba. Yalikuwa ya waliozaliwa kuanzia 2009, na dada yangu alijifungua Juni 2008, ufuta ukiwa shambani haujakatwa. Nikamwambia mwalimu ni miezi michache tu. Akaniuliza: "Katibu, hiyo miezi michache ni ya nani? Kuna mtoto wa 2009 amekaa anaingoja."

Nikatoka pale nikimwona mtu mwenye roho ndogo. Niliwaambia watu ghalani kwamba mwalimu yule hana mipango, hana koneksheni, atazeeka na chupa zake za mchanga.

Mkurugenzi alikuja msimu wa korosho umepamba moto. Namwita hivyo kwa sababu ndivyo alivyojiita. Kituo chake na mji wake sivitaji, na msijisumbue kukisia. Alikuja na gari, na simu iliyojaa picha za watoto waliovaa jezi zenye majina mgongoni. Alikuwa amemwona mpwa wangu kwenye ndondo moja ya kata. Wilaya hii ina historia na watu wanaokuja na magari. Babu yetu alikuwa kibarua wa Mpango wa Karanga, ule wa Waingereza ulioanza 1947 Kongwa, Urambo na hapa Nachingwea; aliyaona matrekta, akaiona reli ikiletwa kutoka pwani, na Januari 1951 akaambiwa basi, mpango umekufa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 hata treni ikaondoka. Ungetarajia mjukuu wa mtu yule awe na maswali mawili matatu ya kumwuliza mgeni. Mimi niliagiza soda.

"Kipaji hiki hapa kitaoza," alisema. "Ana miaka mingapi?"

"Kumi na miwili."

"Ana kumi," akanisahihisha.

Hakunikonyeza wala kushusha sauti. Alieleza kama mtu anayefundisha jambo la kawaida la biashara: mtoto wa kumi anayecheza hivi anauzika, wa kumi na miwili anayecheza hivi wamejaa Tanzania nzima. Cheti cha kuzaliwa anacho? Hana. Vizuri. Basi kinatosha kiapo cha mjomba. Na niseme wazi, hakunilazimisha. Maswali ya mwalimu yalinifanya nijione mshamba; jibu la Mkurugenzi lilinifanya nijione mtu aliyeingizwa ndani ya siri ya wakubwa. Nilichagua kilichonipendeza mimi.

Kazi yangu pale ghalani ni kukataa. Mkulima akileta gunia lenye korosho chafu zilizofunikwa juu kwa nzuri, naingiza mkono mpaka chini, namrudishia mbele za watu, na nimeshagombana na shemeji yangu kwa sababu hiyo. Wiki ileile nilipokataa gunia la namna hiyo ndiyo wiki niliyokwenda kuapa.

Dada yangu hakupiga kelele. Alinisikiliza mpaka mwisho nilipomweleza kwamba kuanzia sasa mtoto kazaliwa 2010, halafu akasema: "Kaka, siku anazaliwa mimi nilikuwepo." Nikamwambia mambo ya karatasi aniachie mimi. Akaenda ndani. Kadi ya kliniki aliificha, nami sikujua kama ameificha kwa sababu sikuwa na shida nayo tena.

Ada nililipa kwa fedha za mnada wa korosho. Januari 2021 mtoto akaondoka. Alikuwa aingie darasa la saba. Kule, ili karatasi na mwili visigombane, aliingizwa darasa la tano, shule iliyompokea bila uhamisho rasmi. Mkurugenzi aliniambia miaka miwili ya shule si kitu kwa mtoto anayekwenda Ulaya. Nilikubali. Wakati huo Namungo walikuwa kwenye mechi za Afrika, redio ikiwaka kila mahali, na maneno ya aina hiyo yalipita kooni bila maji.

Mabao yalikuja mengi. Nilikuwa natumiwa picha, nazionyesha ghalani. Kila wiki kafunga matatu, manne. Ilinichukua muda mrefu kuelewa nilichokuwa nakitazama. Alikuwa anacheza na watoto wa miaka kumi na kumi na moja. Anausukuma mpira mbele, anakimbia, anafika kwanza, basi. Kwa nini ainue kichwa? Kwa nini ajifunze mguu wa kushoto? Mwili ulikuwa unamfanyia kazi yote. Wataalamu wa michezo ya watoto Ulaya na Amerika Kaskazini waliligundua hili miaka mingi iliyopita: hata pasipo udanganyifu wowote, waliozaliwa miezi ya mwanzo ya mwaka hujaa kwenye timu za vijana kuliko wa miezi ya mwisho, kwa sababu kocha huona ukubwa wa miezi kadhaa akadhani ni kipaji. Kama miezi inadanganya kocha mwenye shule yake, fikiria miaka miwili. Na siku wenzake wakikua, faida yote inayeyuka, anabaki na kile alichojifunza. Wangu hakuwa amejifunza kitu.

Nilikwenda kumtazama katikati ya mwaka. Walikuwa wamelala wawiliwawili kwenye magodoro, sebuleni mwa nyumba ya kupanga, na hakukuwa na mtu mzima anayelala nao zaidi ya kijana mmoja aliyekuwa pia ndiye mpishi na ndiye kocha msaidizi. Sikuuliza ni nani anayewapeleka zahanati wakiugua. Niliuliza mechi inaanza saa ngapi.

Katika mechi ile mpwa wangu alikimbilia mpira pamoja na beki mdogo wa upande wa pili. Mtoto yule hakufanya kosa lolote. Alikwenda kwenye mpira kama alivyofundishwa. Waligongana, yule mdogo akaruka kama kitambaa, akaanguka na mkono chini. Ulivunjika. Mama yake aliingia uwanjani na kanga moja, akamshika mpwa wangu begani, si kwa kumpiga, kwa kumtazama tu, akamwuliza: "We una miaka mingapi?"

"Kumi na moja," akajibu. Hakusita. Alijibu hata kabla swali halijakaa vizuri, kwa adabu, na akaongeza, "Shikamoo mama."

Nilikuwa hatua chache kutoka pale. Ningeweza kusema. Mama yule alimwachia, akamfuata mwanawe kwenye bodaboda iliyompeleka hospitali. Wakati wa mapumziko nilimpa mpwa wangu maji. Hatukuongea habari hiyo, na jioni ile nikapanda gari kurudi Nachingwea nikiwa nimekwisha kujishawishi kwamba mpira una ajali zake.

Nilikuwa kijana mwaka 2005 Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya vijana, walipoondolewa Fainali za Afrika za Vijana kule Gambia kwa sababu ya umri wa mchezaji. Timu ilishafuzu. Naikumbuka hasira yangu mbele ya redio: nani hawa wanaotuaibisha, nani huyo aliyesaini, hana ndugu wa kumzuia? Tangu 2009 FIFA wanatumia picha ya MRI ya kifundo cha mkono kwenye Kombe la Dunia la chini ya miaka 17, kwa sababu mifupa haiapi mbele ya hakimu. Nilikuwa najua yote haya. Shabiki hujua mengi. Nilikuwa nimeyaweka upande wa mambo ya viongozi wa mpira, watu wa Dar, na wala sikufikiri kwamba kila kijeba, mchezaji aliyepunguziwa umri, aliyewahi kuingia timu ya taifa alianzia kwa mtu kama mimi, mwenye kalamu na mapenzi.

Yaliisha 2022, hapahapa Kusini, kwenye bonanza la watoto lililofanyika Ruangwa. Mpwa wangu alikuwa na miaka kumi na minne. Sauti ilishakatika, juu ya mdomo kulishakuwa na kivuli, na kwenye karatasi alikuwa wa kumi na miwili. Watazamaji walianza mapema: kijeba, kijeba. Hayo alishayazoea. Hakuyazoea yaliyofuata. Kwenye kamba alisimama kijana mmoja wa kwetu, mwanafunzi wa kidato cha kwanza, amevaa sare kabisa. Walikuwa rika moja la jando. Waliingia pamoja na kutoka pamoja. Kijana wa watu hakuwa na ubaya. Alimwona mwenzake akafurahi, akamwita kwa jina la nyumbani, si lile la kwenye orodha, akapaza sauti: upo wapi siku hizi, mbona hatukukuona kwenye mtihani wa darasa la saba?

Uwanja mzima ulicheka. Mwamuzi akamwita kocha. Unaweza kumdanganya hakimu na ukamdanganya hata mwenye kituo anayetaka kudanganywa. Rika la jando halidanganyiki. Wanajuana kwa mambo ambayo hayaandikwi popote.

Mkurugenzi alinipigia usiku. Hakuwa na hasira, alikuwa na haraka. Akasema nije nimchukue kijana, kituo kinalinda jina lake. Nikamwuliza habari za majaribio ya nje aliyoniahidi. Akakata simu. Baadaye ndipo nilipotafuta mtu wa kunisomea kanuni, jambo la kufanywa kabla ya soda. FIFA hairuhusu mchezaji kuhamishwa kwenda nchi nyingine kabla hajatimiza miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache sana, kama wazazi kuhamia huko kwa mambo yao wenyewe. Na ile karatasi nyingine niliyomsainia Mkurugenzi, iliyosema kituo kitakuwa na asilimia kadhaa ya mtoto hadi atakapouzwa, ilikuwa takataka: tangu Mei 2015 ni marufuku mtu au kampuni isiyo klabu kumiliki kipande cha fedha za uhamisho wa mchezaji. Hata klabu halali haiwezi kumfunga aliye chini ya miaka 18 kwa mkataba wa zaidi ya miaka mitatu. Na Samatta mwenyewe, yule aliyetutia wazimu, alitokea Mbagala, akapitia African Lyon na Simba, akaenda TP Mazembe ya Lubumbashi mwaka 2011 akiwa ametimiza miaka 18. Hakuna aliyempakia kwenye gari akiwa darasa la tano.

Tuliporudi, mwalimu mkuu wa shule yake ya zamani alifungua daftari. Mtoto alikuwa ameandikwa mtoro. Kumbukumbu zake zilikuwa palepale zilipoachwa, mwaka wa kuzaliwa 2008, pamoja na mtihani wa darasa la nne. Hapakuwa na uhamisho, kwa hiyo miezi yote ile kule hakuwa mwanafunzi wa mahali popote. Alimaliza darasa la saba 2023, akiwa na miaka kumi na mitano, dawati moja na watoto aliowahi kuwabeba mgongoni.

Kwa mwalimu wa chupa za mchanga nilikwenda peke yangu kwanza. Nilijiandaa kusemwa. Hakusema chochote kuhusu mimi. Aliniomba kadi ya kliniki.

Nikarudi nyumbani nimekaa kimya mpaka usiku, halafu nikamwuliza dada yangu kama ile kadi ipo. Alikwenda ndani akarudi nayo, ndani ya mfuko wa nailoni, pamoja na vyeti vyake vya ubatizo na picha za marehemu mama. Uzito wa kila mwezi umeandikwa, chanjo zote zimewekewa alama. Juu kabisa, kwa mwandiko wa muuguzi, Juni 2008.

Mwalimu alimweka na watoto wa umri wake, na hapo ndipo nilipoona vizuri hasara. Wenzake walikuwa wanapokea mpira wakiwa wameshaangalia wapi utakwenda. Walikuwa wanazungumza uwanjani, geuka, peke yako, rudisha. Yeye alipokea, akainamisha kichwa, akakimbia, akanyang'anywa. Alikaa benchi. Mtoto aliyezoea kufunga mabao manne alikaa benchi la timu ya mtaa, miguu imenyooshwa, akitazama watoto aliowaacha nyuma. Mwalimu alimhamisha mwaka wa kwanza upande wa kushoto, kama alivyokuwa amesema. Siku hizi ni beki wa kushoto mzuri kiasi. Hatakuwa winga tena, na mwalimu alishaniambia hivyo bila kupamba.

Wazazi mnaoniuliza mnataka jina la kituo. Sina jina. Ninachoweza kuwaambia ni mahali nilipopotea. Nilidhani anayeuliza maswali mengi anakataa mtoto wangu, na asiyeuliza anamtaka. Mwende mkakae uwanjani jioni moja nzima bila kumleta mtoto. Tazameni anayekosea anaambiwa nini. Tazameni yule mdogo kuliko wote, asiye na uwezo: anagusa mpira au anaokota mipira? Ulizeni wanalala wapi na nani anaamka usiku mtoto akishikwa na homa. Kama mwenye kituo hajauliza tarehe ya kuzaliwa, au ameiuliza na kisha akakusaidia kuijibu, chukueni baiskeli zenu mwondoke. Habari ya jezi na gari mtaiona wenyewe, haihitaji kuangaliwa, imetengenezwa ionekane.

Bado kuna mambo mawili hayajaisha, na sitaki mdhani ninayasimulia kama ya zamani.

La kwanza ni mama wa mtoto aliyevunjika mkono. Nimejua anakaa wapi. Sijaenda.

La pili ni mpwa wangu mwenyewe. Mwaka 2025 alitimiza miaka kumi na saba, akiwa kidato cha pili. Kulitangazwa majaribio ya timu moja ya vijana, akaja na fomu mezani kwangu, akaniuliza: "Mjomba, niandike mwaka gani?" Hakuwa ananitania. Nikamwambia aandike mwaka aliozaliwa. Akaniambia wote anaokwenda kushindana nao wamepunguza, kwamba akiandika 2008 ataonekana mzee kuliko wavulana waliozaliwa 2006, na kwamba karatasi ya 2010 si bado ipo? Aliyasema kwa utulivu, hoja baada ya hoja, na kila hoja niliifahamu kwa sababu niliwahi kuitoa mimi, kwenye chumba kilekile, mbele ya mama yake. Nilijaribu kumpinga. Mdomo wangu ulikuwa hauna uzito. Alinisikiliza kwa heshima kama anavyowasikiliza watu wote, na sikuweza kujua anachowaza. Hilo nalo alijifunza kule nilikompeleka.

Fomu ilikuwa na nafasi ya saini ya mzazi au mlezi. Nilimwita dada yangu akasaini yeye. Alisoma kila mstari, akakuta mahali pa mwaka pako wazi, akamrudishia mwanawe kalamu akasimama juu yake mpaka alipoandika 2008. Kisha akanigeukia mimi akataka kujua karatasi ya muhuri itafutwa lini.

Wakili ninayefahamiana naye aliniambia inahitaji kiapo kingine cha kukanusha kile cha kwanza, na kwamba nikishakanusha nijue nimekiri kosa la jinai kwa mkono wangu mwenyewe. Nilimweleza dada yangu hivyo. Nikamwambia nitakwenda, ila msimu wa minada umeanza, kazi ghalani ni nyingi, tungoje upite. Akanikumbusha kwamba ile mara ya kwanza niliapa katikati ya msimu, na ghala halikufungwa.